Mwaka Shiva Alipogombea Kura

Shemeji yangu Nakul Mandal ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wa sokoni wanamsimulia kana kwamba alizaliwa simba, na mimi nimechoka kuwasikiliza huku nikiwanyoa ndevu. Nakul anaogopa mbwa. Anaogopa sindano mpaka anazimia, anaogopa karani wa ofisi ya kijiji, anaogopa radi hata akiwa ndani chini ya blanketi. Nyoka akiingia uani, anayetoka na fimbo ni dada yangu Bishakha, mkewe. Mwoga wa kwanza wa Jogeshtola ni yeye na wa pili ni mimi, ndiyo maana tulipatana tangu siku ya posa.

Kazi yake ni kusuka nyavu za waya. Kila mwaka kabla ya mvua serikali hutoa kazi ya kuzuia ukingo wa mto Ganga usimomonyoke. Mawe huletwa kwa mashua, yanafungwa ndani ya nyavu zile, yanashushwa majini. Nakul hukaa pale ufukweni tangu asubuhi, plaizi mkononi, vidole vimejaa sugu, na hulipwa kwa kila wavu anaomaliza. Kwa hiyo anajua. Anajua nyavu ngapi zimesukwa, ngapi zimepata mawe, na ngapi zimejazwa mchanga chini na mawe kidogo juu ili mhandisi apige picha yake aende zake. Halafu mvua inakuja, mto unakula ukingo pamoja na nyumba zilizo juu yake, na mwaka unaofuata kazi inatolewa tena kwa mtu yule yule. Tulipomjengea Nakul nyumba, kutoka mlangoni hadi majini ulikuwa mwendo wa dakika kumi. Mwaka ninaousimulia zilikuwa zimebaki hatua arobaini. Dada alizipima kila Jumatatu kwa miguu yake mwenyewe, akarudi jikoni.

Sasa, mtu huyu huyu, ukifika Chaitra, mwezi wa mwisho wa mwaka wetu, anajifunga kitambaa chenye madoa ya chui, anajipaka majivu mwili mzima, anabandika nywele za nyuzi za gunia hadi kiunoni, na anakuwa Shiva, mungu wetu. Hiyo ndiyo gambhira, na sisi watu wa Malda hatumalizi mwaka bila hiyo. Shiva anapanda jukwaani, tunamwita Babu, na tunamweleza usoni yote yaliyoharibika mwaka mzima: bei ya mchele, barabara, wezi wa mbolea, walimu wasiofika shule. Yeye anajibu kwa wimbo, kwa mzaha, kwa kucheza. Yeyote katika watazamaji anaweza kusimama akamuuliza jambo, hata mtoto, na Babu hana ruhusa ya kukwepa.

Kuna adabu mbili tu. Kwanza, jina la mtu halitajwi. Tunaonyesha ishara, namna anavyotembea au anavyokohoa, na kijiji kizima kinajua ni nani. Pili, mtu mkubwa akichambwa hakasiriki. Anacheka, anapanda jukwaani na kumbandika Babu noti kifuani kwa pini. Asiyefanya hivyo amejionyesha mdogo, na atasemwa mpaka wajukuu wake waoe. Baba yangu aliwahi kumwona mkuu wa polisi akibandika noti huku anauma meno kwa hasira.

Mwaka ule uchaguzi uliangukia Chaitra. Mtu wetu mkubwa ni Bwana Phani, mkandarasi wa ukingo, ambaye kila anapokwenda hufuta kiti kwa leso ya njano kabla ya kukaa, hata kiti kikiwa kipya. Wagombea walikuwa wawili wenye nguvu, na yeye aliwafadhili wote wawili. Sheria inasema mgombea asipitishe kiasi fulani cha matumizi, na kuna maofisa wanaozunguka na kamera kuhesabu masufuria na bendera. Basi Bwana Phani hakufanya karamu ya kampeni. Alifanya sherehe ya kumlisha mjukuu wake wali wa kwanza, ile ambayo kwetu hufanyiwa mtoto wa miezi sita. Mtoto alikuwa na miaka sita, meno ya mbele yameshang'oka. Watu elfu mbili tulikula biriani, mgombea amekaa kulia kwa mtoto anamlisha kijiko, ofisa akapiga picha na kuandika: sherehe ya familia. Wiki iliyofuata mtoto yule yule alilishwa wali wa kwanza tena, kijiji cha pili, na mgombea wa chama cha pili.

Mimi niliona ni ujanja mtamu, nikala. Nakul alikula sahani mbili. Kesho yake akaja dukani kwangu, akakaa kwenye benchi, hanyolewi, haongei. Nikamwambia kama tumbo linamuuma aende kwa daktari asinifukuzie wateja.

"Shemeji," akasema, "ile biriani nani alilipa?"

Nikamwambia Bwana Phani, nani mwingine. Akauliza Bwana Phani analipwa na nani. Nikasema serikali. Akauliza kwa kazi gani, na hapo nikaacha kuchana kichwa cha mteja.

"Basi jana nimekula sahani mbili za mawe," akasema Nakul, akaondoka.

Siku tatu baadaye alikuja na igizo limekamilika kichwani. Shiva anagombea cheo cha Shiva. Ameambiwa sasa hivi hata miungu lazima wapigiwe kura, na yeye hana kitu, ana ng'ombe mmoja na ngoma. Basi wanakuja wafadhili. Muuza bangi anamlipia mabango yote, anaomba kitu kidogo tu: Babu asiache kuvuta. Mpishi anampikia karamu ya kumlisha mtoto wa Shiva wali wa kwanza, mtoto mwenyewe ana kitambi. Na wa mwisho ni mtu mwenye leso ya njano. Huyo analipia kila kitu: magari, spika, vijana wa kupiga kelele, hata kampeni ya mpinzani. Huyo nilipaswa kumcheza mimi. Shiva anamuuliza, na wewe unataka nini? Anajibu hataki kitu, Babu ni kama mzazi wake. Halafu anageuka kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. Huo mto ulio kwenye nywele zako, anasema. Ulegeze kidogo tu. Mara moja kwa mwaka, wakati wa mvua.

Kwetu kila mtoto anajua kwamba Ganga unakaa katika nywele za Shiva, na kwamba yeye ndiye anayeuzuia usituzamishe. Nilipousikia mstari ule mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaangalia mlangoni kama kuna mtu amesikia. Ulikuwa na kila kitu ndani yake. Kwa nini mtu amlipie mwenzake uchaguzi, anapata nini, na nani hasa analipa mwishoni. Nakul hajasoma zaidi ya darasa la tano, lakini alikuwa amelieleza jambo ambalo magazeti yanaliandika kurasa nne na mtu haelewi.

Mazoezi tulifanya kwenye ghala la mpunga, milango imefungwa. Jogeshtola haina milango inayofungika. Baada ya siku tatu Tarun akaja dukani.

Tarun ni mtu wa Bwana Phani. Ana adabu nyingi, anapaka mafuta ya jasmini kichwani, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alikaa kwenye kiti changu akaomba ndevu zinyolewe mpaka ngozi. Nakul alikuwa pale kwenye benchi na gazeti lake. Nilikuwa nimeshampaka povu Tarun, wembe uko chini ya kidevu chake, alipoanza kuzungumza juu ya orodha.

Orodha hiyo ndiyo ilikuwa uhai wetu wote. Serikali ilikuwa imeahidi viwanja kwa waliofukuzwa na mto na walio karibu kufukuzwa, katha mbili kila familia, kiasi cha nyumba na jiko, upande wa juu kupita reli ambako maji hayafiki. Majina sitini na manne tu, na waombaji mia tatu, mimi na Nakul tukiwemo. Ilikuwa itabandikwa baada ya uchaguzi. Dada yangu alikuwa amekwenda ofisini mara kumi na saba kwa ajili ya orodha ile.

"Nimeiona kwa macho yangu," akasema Tarun, macho amefumba. "Fundi, wewe ni namba thelathini na moja. Mzee Nakul ni thelathini na mbili. Majirani kabisa. Bwana Phani amefurahi sana kwa ajili yenu."

Halafu akasema Bwana Phani anaipenda gambhira na atakuja, tumchambe tu tunavyotaka, atacheka. Lakini hayo ya mto, jamani. Mto ni mama yetu, mtu haufanyii mzaha. Alisema hivyo kwa upole kama mtu anayeagiza chai. Mimi ndiye niliyeshika wembe, na mimi ndiye niliyeuondoa shingoni mwake nikijifanya naunoa. Alilipa, akaacha chenji, akamshika Nakul begani wakati wa kutoka. Nakul alibaki ameshika gazeti lile lile kwa muda mrefu, na nilipomwangalia vizuri nikaona ameligeuza juu chini.

Tulikwenda kumwambia Bishakha pamoja, kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda peke yake. Alikuwa anakaanga pilipili. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa kikaango motoni.

"Mungu wenu ana hekalu," akasema. "Mimi nina hatua arobaini. Toeni huo mto kwenye igizo lenu, mwacheni amalize na muuza bangi."

Nakul akasema ameshautoa. Alikuwa ameutoa tangu dukani, nadhani, kabla Tarun hajafika barabarani. Nilipumua kwa mara ya kwanza siku ile, na njiani kurudi nikanunua vitamu vya maziwa, nikala peke yangu. Siku tano tulilala vizuri. Igizo bila mstari ule lilikuwa la kuchekesha bado, ila mtu mwenye leso analipia kila kitu halafu anaaga anaondoka, na hata mpiga kinanda wetu, ambaye akili yake si nyingi, aliuliza kwani huyu alikuja kufanya nini.

Jumatatu kabla ya sherehe Bishakha alipima. Zilikuwa thelathini na nne. Hatua sita ndani ya wiki moja, kiangazi, mbingu kavu, mto umelala. Maji yalikuwa yamechimba chini kwa chini pale ambapo nyavu zilijazwa mchanga, na ukingo ukaanguka mchana kweupe pamoja na miembe miwili ya jirani. Mimi nilifika nikakuta Nakul amechuchumaa mlangoni anaangalia upande wa mto. Yeye ndiye aliyesuka nyavu zile. Hakulia wala hakutukana, alikuwa anachezesha plaizi tu, anafungua, anafunga. Nikajua ataurudisha ule mstari wa mto.

Nilimvuta dada pembeni nikamwambia amzuie mumewe. Akanijibu kwamba kiwanja kiko kwenye karatasi na mto uko hapa, na yeye hajui tena kipi kitafika kwanza. Alikuwa anaogopa kuliko sisi wote. Lakini siku ya sherehe ndiye aliyemfunga Nakul zile nywele za gunia, na alizikaza mpaka Nakul akalalamika kichwa kinamuuma.

Kwa ajili ya uchaguzi spika zilikuwa na masharti, basi tulianza saa kumi alasiri, jua kali, vumbi limesimama uwanjani. Watu elfu moja na zaidi. Bwana Phani alifika na gari jeupe, akatoa leso ya njano, akafuta kiti cha mbele katikati, akakaa. Watu walianza kucheka kabla hatujafanya chochote. Nyuma ya pazia Nakul alinishika mkono, kiganja chake kimelowa jasho mpaka majivu yamekuwa matope.

"Mstari wa mto upo," akasema. "Utausema?"

Nikasema nitausema. Nawaapia nilikuwa nasema kweli wakati ule.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Nakul akipanda jukwaani si Nakul. Alilalamika kwamba Parvati, mkewe, amegoma kuchapa mabango, alimwomba ng'ombe wake ampigie kampeni, alihutubia kwa maneno ya wagombea wote wawili mpaka watu wakashika mbavu. Muuza bangi akaja, mpishi akaja, yule mtoto mwenye kitambi akalishwa wali wa kwanza mara tatu mfululizo. Bwana Phani alicheka kwa sauti, akapiga paja. Halafu ngoma ikabadilika, nikaingia mimi na leso ya njano.

Sijawahi kuchekewa namna ile. Nilifuta kiti, nikafuta jukwaa, nikafuta pua ya ng'ombe. Nililipia hiki na kile. Kila nilipotaja kitu, Nakul aliuliza kama nina uhakika, nami nikasema, Babu, kwako wewe sihesabu. Kisha akasimama katikati.

"Na wewe unataka nini?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Kando ya nguzo ya mianzi, nyuma kidogo ya kiti cha Bwana Phani, Tarun alikuwa amesimama amekunja mikono. Akaufungua mmoja, akainua vidole vitatu. Akavikunja. Akainua kimoja.

Thelathini na moja. Namba yangu. Mate yakanikauka, na mdomo ukafunga wenyewe. Nakul akauliza mara ya pili, kwa wimbo, kuninunulia muda. Mpiga ngoma akarudia mapigo. Mara ya tatu akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti yake mwenyewe, si ya Shiva, na macho yake yalikuwa yananisihi. Nikaangalia leso. Watu waliona hili halimo kwenye igizo, wakaanza kunyoosha shingo.

Ndipo dada yangu akasimama upande wa wanawake. Ni haki ya mtu yeyote kusema na Babu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumkalisha.

"Babu, huyo anaona haya," akasema Bishakha. "Nitakwambia mimi. Anataka mto. Ulegeze kidogo tu, mara moja kwa mwaka, wakati wa mvua."

Sauti yake ilipasuka kwenye neno la mwisho, lakini ilifika mpaka nyuma. Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na watu pale waliowahi kulala juu ya tuta miaka miwili na watoto, na walikuwa wanaangalia kiti kimoja. Nilidhani watampiga Bwana Phani mawe. Nilidhani Tarun atapiga simu na vijana wao watakuja kwa malori. Nilitafuta njia ya kutokea nyuma ya pazia, nasema kweli.

Bwana Phani akacheka. Alicheka peke yake, akasimama, akavuta noti ya rupia mia tano, akapanda jukwaani taratibu. Angefanya nini kingine? Amechambwa hadharani, ni mtu mkubwa, na mtu mkubwa hubandika noti. Hata babu yake na baba yake walifanya hivyo. Akamwekea Nakul noti kifuani, akapitisha pini. Akaipitisha mpaka ndani ya ngozi, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona haikuwa bahati mbaya, kwa sababu aliisukuma mara mbili.

Nakul, anayezimia kwa sindano. Tone la damu lilitoka kwenye majivu likateremka. Hakusogea hata unyayo. Alingoja Bwana Phani ageuke kushuka ngazi, halafu akaishika ile noti kwa vidole viwili, akaionyesha watu.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Mimi ni mgombea wenu, na nimepokea mbele ya macho yenu. Sasa niulizeni. Na yeye anapata nini?"

Kwanza aliuliza mzee mmoja, kwa aibu. Halafu wanawake wakauliza. Halafu uwanja mzima, sauti moja, wanapiga makofi kufuata ngoma: na yeye anapata nini, na yeye anapata nini. Bwana Phani alikuwa kwenye ngazi ya kati. Kurudi kuchukua noti ni aibu, kwenda mbele ni kukubali. Alikuwa amelicheza igizo letu mwenyewe, kwa mkono wake, kuliko mimi nilivyoweza kulicheza.

Alishuka, akafuta kiti, akakaa. Hakuondoka. Alikaa mpaka wimbo wa mwisho, anatabasamu, anapiga makofi, na hicho ndicho kilichoniondolea usingizi miezi miwili.

Hakuna aliyetupiga. Ningependa wangetupiga tukajua yamekwisha. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya duka ilinitoa jasho. Nakul hakuitwa tena kusuka nyavu, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Alishinda nyumbani, akishtuka kila mbwa akibweka. Mmoja wa wagombea wa Bwana Phani alishinda, nisiulizwe yupi. Orodha ikabandikwa ofisini mwezi wa Asharh, mvua ya kwanza imeshaanza. Nilikwenda na Nakul. Namba thelathini na moja: Subol Pramanik, kinyozi, ndiye mimi. Namba thelathini na mbili: mtu wa ukoo wa Tarun, ana nyumba ya ghorofa mjini. Nilitafuta jina la Nakul kutoka juu hadi sitini na nne, nikarudia, nikarudia. Nakul husoma polepole, alimaliza baada yangu. Akaniambia hongera. Hapakuwa na ubaya katika sauti yake, na hilo ndilo lililonikereketa.

Miezi miwili baadaye, katika Bhadra, zilibaki hatua kumi na moja, tukaivunja nyumba. Kwetu hatungoji mto, tunavunja wenyewe, maana matofali ya kuvunjwa yanajengeka tena na ya kuzama yamekwenda. Tuliteremsha bati, tukang'oa milango, tukabeba kwa mkokoteni hadi kiwanja namba thelathini na moja, kwa sababu wangeenda wapi tena? Dada alisimamia kila tofali. Alipotoka mara ya mwisho alipima kwa miguu, mazoea tu.

Siku hiyo njiani tulipita sokoni, na kulikuwa na karamu nyingine, uchaguzi mdogo wa baraza la wilaya ulikuwa unakuja. Mtu alikuwa anagawa khichuri, wali uliochanganywa na dengu. Mama mmoja mzee alipokea sahani yake, akakaa vizuri, akamuuliza mgawaji bila hasira, na yeye anapata nini? Mgawaji akaacha upawa ndani ya sufuria. Sasa wanauliza hivyo kila mahali. Kwenye mkutano wa yule mbunge aliyeshinda waliuliza mpaka akakatisha hotuba. Watoto wanamuuliza hata muuza barafu. Watu wanakula bado, tuna njaa, lakini wanauliza huku wanatafuna, na zamani hawakuuliza.

Jioni tulikaa juu ya rundo la matofali, Nakul na mimi, tunakunywa chai na bisi za mchele. Bishakha alikuwa anapanga matofali mazima upande mmoja na vipande upande mwingine.

"Shemeji," akasema Nakul, "siku ile. Ulisahau au uliogopa?"

Nikamwambia niliogopa.

"Na ulipata nini?"

Hakuwa ananichamba. Aliuliza kama anavyouliza Babu, kutaka kujua. Nikaangalia ardhi chini ya miguu yangu, kavu, imara, maji hayafiki. Hakuna aliyenipa hata rupia. Sikuahidi mtu kitu. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa woga tu au kwa sababu ya vidole vile, na nimejihoji sana. Lakini nilichopata nakijua.

"Katha mbili," nikasema. "Namba thelathini na moja."

Dada aliacha kupanga. Nakul alikunywa chai yake mpaka mwisho, akakung'uta majani.

"Basi hiyo ndiyo gambhira ya mwaka ujao," akasema. "Utacheza mwenyewe. Jina la mtu mwingine hatutaji, lakini lako unaruhusiwa kulitaja."

Chaitra ni mwezi ujao. Tarun amekuja kunyolewa mara mbili wiki hii, anauliza habari za mazoezi. Dada ameninoa kwa mistari minne, ananisikiliza kila siku akikaanga, na akisikia nimekwepa anagonga kikaango. Mitatu ya kwanza naijua vizuri. Nikifika kwenye katha mbili, mate yananikauka.